Mnabishana juu ya mkurugenzi, wanafunzi mmewasahau



Wiki iliyopita nilibishana na kaka yangu mpaka chai ikapoa. Kwa kuwa pale mezani sikuruhusiwa kumaliza sentensi hata moja, nazimalizia hapa zote. Akisoma asome vizuri.

Kaka huyu ni mtoto wa mama mkubwa. Alisoma Chuo Kikuu cha Connecticut, ambacho wenyewe wanakiita UConn, kule Marekani, akamaliza na kubaki huko huko akifanya kazi. Kila akija likizo Dar anavaa sweta lile lile lenye picha ya mbwa wa theluji, hata kama ni Februari na jua linapasua kichwa. Ukitaka kumuudhi usimguse mke wala gari, iguse timu ya kikapu ya UConn. Safari hii alikuwa akitusimulia jinsi yeye na wenzake walivyogawanyika mafungu mwaka 2011 na 2012, chuo kilipokuwa kikitafuta mkurugenzi mpya wa michezo. Wengine walitaka mtu wa nyumbani, aliyevaa jezi ya chuo. Wengine walitaka mfanyabiashara. Yeye akahitimisha kwa kusema mkurugenzi mzuri ni yule anayejua kutafuta pesa na kumfukuza kocha mapema, basi.

Nikamuuliza, "Kaka, na wanafunzi je?"

Akacheka. "Dogo, wanafunzi wana walimu wao."

Hapo ndipo nilipowaka.

Kwa wasiofahamu, nieleze kidogo. Vyuo vikuu vya Marekani vina idara za michezo zinazofanana zaidi na kampuni kuliko ile kamati ya michezo tuliyoizoea hapa, ya kugawa jezi na maji siku ya bonanza. UConn imekuwa na timu zaidi ya 20, za wanaume na za wanawake. Anayesimamia zote, bajeti yake, makocha wake, viwanja vyake na mikataba yake ya televisheni, ndiye mkurugenzi wa michezo. Yeye ndiye anayeajiri kocha. Yeye ndiye anayeamua mchezo upi upate na upi ukose. Chuo chenyewe kiko Storrs, kijijini kabisa, kilianza mwaka 1881 kikiwa shule ya kilimo, na mpaka leo kina ng'ombe na kinauza aiskrimu yake.

Sisi Watanzania tumekijua kwa sababu ya mtu mmoja, Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar, urefu futi 7 na inchi 3, aliyechezea UConn kuanzia 2006 mpaka 2009. Mwaka huo wa 2009 akachaguliwa wa pili katika usajili wa NBA, akachukuliwa na Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia ligi ile. Nilikuwa darasa la tatu. Mtaani kwetu kila mtoto mrefu alibadilishwa jina siku hiyo hiyo.

Sasa sikilizeni kitu ambacho mtaani kwetu hakuna aliyekisimulia. Februari 2009, Hasheem akiwa bado ndani ya jezi ile, kocha wake Jim Calhoun alikaa mbele ya waandishi baada ya mechi. Mwandishi mmoja wa kujitegemea akamuuliza: wewe unalipwa dola milioni 1.6 na jimbo, unalipwa kuliko mtumishi mwingine yeyote wa jimbo hili, na jimbo liko kwenye nakisi kubwa, je utarudisha chochote? Calhoun akajibu kwamba hatarudisha hata senti kumi. Kisha akamshauri mwandishi afunge mdomo, na kumkumbusha kwamba timu inaingizia chuo mamilioni.

Kaka yangu mpaka leo anaona kocha alijibu kiume. Mimi ni mwandishi wa habari, siwezi kuliangalia tukio lile kwa macho ya shabiki. Swali lilikuwa la kihalali. Unaweza kusema liliulizwa pasipo mahali pake, baada ya mechi, na hilo nakubali. Lakini kama si pale, ni wapi? Nimekaa kwenye mikutano ya aina hii ya kutosha kujua kwamba swali la pesa huwa halina mahali pake siku zote. Mbele ya mechi unaharibu maandalizi, baada ya mechi unaharibu furaha, na katikati ya wiki mhusika yuko safarini.

Turudi kwa mkurugenzi. Wakati ule alikuwa Jeff Hathaway, aliyekalia kiti kile tangu 2003. Januari 2011 akajikuta kwenye kikaango. Timu ya futiboli ya Kimarekani ilikuwa imefika Fiesta Bowl kwa mara ya kwanza, ikafungwa na Oklahoma 48 kwa 20. Tiketi ambazo chuo kililazimika kuzichukua hazikuuzika, hasara ikapita dola milioni moja na nusu. Kocha Randy Edsall akaondoka kwenda Maryland mechi ikiwa ndiyo kwanza imekwisha. Hathaway akamwajiri Paul Pasqualoni. Basi mfadhili mmoja mkubwa, Robert Burton, ambaye jina la familia yake limeandikwa kwenye jengo la timu ile, akaandika barua akidai arudishiwe dola milioni 3 alizotoa na jina lake liondolewe. Kosa? Hakushirikishwa vya kutosha katika kumchagua kocha.

Someni tena hapo. Mtu ametoa mchango kwa chuo cha umma, kisha anaudai kwa sababu kocha hakuwa chaguo lake. Baadaye walipatana, na jina likabaki ukutani. Lakini Agosti 2011 Hathaway hakuwepo tena. Nilipomuuliza kaka Hathaway alikosea nini, akanihesabia kwa vidole: hakuelewana na Calhoun, aliwaudhi wafadhili, tiketi za Fiesta zilimfia mkononi. Vidole vitatu. Nikamwambia bado kimoja.

Chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, NCAA, huipa kila timu alama za maendeleo ya masomo. Alama ya juu kabisa ni 1000. Wachezaji wakibaki chuoni na kufaulu, timu inapata. Wakianguka au wakitoroka na madeni ya masomo, timu inapoteza. Timu ya kikapu ya wanaume ya UConn, kwa mwaka wa masomo 2009-10, ilipata 826. Hapa hatuongelei chuo maskini kisicho na walimu wa ziada. Hii ni timu iliyotwaa ubingwa wa taifa Aprili 2011, kocha analipwa zaidi ya gavana. Kaka alikuwepo. Nikamuuliza kama anamkumbuka shabiki hata mmoja, katika mabishano yale yote ya mkurugenzi mpya, aliyesema atafutwe mtu wa kurekebisha ile 826. Akatafuta, akatafuta. "Kusema kweli dogo, hiyo namba tuliijua tulipofungiwa."

Na walifungiwa kweli. Februari 2012 chuo kilimtangaza mkurugenzi mpya, Warde Manuel, kutoka chuo cha Buffalo. Aprili mwaka huo huo rufaa ya UConn ikakataliwa: timu ya kikapu haitacheza mashindano ya taifa ya 2013. Mashabiki wakapiga kelele kwamba sheria imewekwa juzi na inahukumu miaka iliyopita, na kwamba vijana wanaoadhibiwa siyo walioshindwa darasani. Hoja hiyo siipingi. Ina ukweli, maana mwaka uliofuata ule mbaya timu ilipata 978, na adhabu ikawakuta waliosoma. Ninachopinga ni kwamba kelele zile zilianza siku mechi zilipoguswa. Kabla ya hapo masomo ya vijana wale yalikuwa siri ya ofisini.

Huyu Manuel naye tumtazame, maana ndiye hasa aliyenifanya niandike. Kaka anasema walimpokea kwa mashaka. Buffalo ni chuo kidogo kimichezo, kwa hiyo swali likawa moja: huyu ataweza kutupeleka kwenye ligi kubwa? Novemba 2012 ligi ya ACC ilipoichukua Louisville badala ya UConn, wakaona wamejibiwa, na lawama zikamwangukia mgeni ambaye hata mwaka alikuwa hajatimiza. Lakini hebu angalieni mtu mwenyewe ni nani. Alichezea futiboli Chuo Kikuu cha Michigan, akaumia shingo, mchezo ukaishia hapo. Alichobaki nacho ni shule. Akachukua shahada ya kwanza pale pale Michigan, kisha shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii, kisha ya uongozi wa biashara. Kama kuna mtu aliyejua kwa mwili wake mwenyewe maana ya mchezaji kubaki bila mchezo, ni huyu. Ilipaswa kuwa sifa yake ya kwanza mezani. Nilipomtajia kaka habari hizo alisema, "Aa, kumbe alisomea ustawi wa jamii?" Kaka yangu amemjadili mtu huyu kwa miaka minne mfululizo, mpaka alipoondoka 2016 kurudi Michigan.

Halafu kuna Shabazz Napier. Alikuwepo timu ilipofungiwa, akabaki wakati wenzake kadhaa walihama. Aprili 2014 akaiongoza UConn kuifunga Kentucky 60 kwa 54 katika fainali, chini ya kocha Kevin Ollie aliyempokea Calhoun. Akiwa jukwaani akaukumbusha ulimwengu kwamba haya ndiyo matokeo ya kuwafungia. Mashabiki wakashangilia, na kaka ana picha ya usiku ule kwenye simu mpaka leo. Lakini siku chache kabla, kijana huyo huyo aliwaambia waandishi kwamba kuna usiku analala na njaa. Nahodha wa timu inayojaza viwanja, ambaye jezi yenye namba yake inauzwa dukani, anasema analala njaa! Katikati ya Aprili ile ile NCAA ikapitisha wachezaji wapewe chakula bila kikomo. Jambo hilo lilikuwa mezani tangu kabla yake, kwa hiyo sisemi Napier ndiye aliyelileta. Ninachouliza ni hiki: katika ile orodha ya sifa za mkurugenzi, mtaji, ligi, kocha, uwanja, sahani ya wali iliandikwa wapi?

Mtaniambia haya ni mambo ya zamani. Haya, twende mbele.

Mwaka 2016 alipokuja David Benedict mchezo ukawa ule ule. Machi 2018 chuo kikamfukuza Ollie kwa madai ya kuvunja kanuni, kikisema hakidaiwi kitu. Januari 2022 msuluhishi akaamua Ollie alipwe zaidi ya dola milioni 11, na baadaye mwaka huo akaongezewa milioni 3.9 ili yaishe. Lakini Machi ile ile ya 2018 Benedict alimwajiri Dan Hurley, naye akaleta ubingwa wa 2023 na wa 2024. Mkurugenzi ni yule yule. Kaka aliwahi kumwita mzigo. Sasa anamwita fundi. Sijui ni lini hasa alibadilika, mtu au kaka.

Na zile milioni zinatoka wapi? Hapa ndipo wale wenzangu wa hapa nyumbani, wanaosema "wenzetu wameendelea, michezo ya vyuo inajilipia", wanapotakiwa kukaa chini. Katika miaka ile idara ya michezo ya UConn ilikuwa ikiishi kwa zaidi ya dola milioni 40 kwa mwaka kutoka chuoni, ikiwemo ada za wanafunzi. Yaani binti anayesoma uuguzi, asiyejua hata kikapu kinafungwa vipi, anachangia. Futiboli yao wanaichezea uwanja wa watu 40,000 huko East Hartford, mwendo wa zaidi ya kilomita 30 kutoka mabwenini. Na kutoka ligi moja kurudi Big East waliyoipenda kuliwagharimu dola milioni 17 za kuvunja mkataba. Kaka alishangilia uamuzi ule kwa machozi, na kimchezo alikuwa na haki. Nilipomuuliza nani alilipa, akasema chuo. Nikamwambia chuo ni nani? Akaomba apewe andazi.

Juni 2020 pesa ilipobana, chuo kikataka kupunguza ruzuku ile kwa robo. Kikatangaza kufuta timu nne: tenisi ya wanaume, kuogelea kwa wanaume, mbio za nyika za wanaume, na kupiga makasia kwa wanawake. Futiboli haikuguswa.

Mbio za nyika, jamani! Mchezo wa viatu na njia ya porini. Mchezo ambao kupitia huo na mbio za uwanjani vijana wengi wa Afrika Mashariki walipata shule Marekani. Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, alisoma na kukimbia Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso. Ni mlango huo huo. Mkurugenzi anapoufunga Connecticut, kijana wa Manyara au Singida hapati hata taarifa kwamba ulikuwepo. Kaka yangu, mwenye kumbukumbu ya kila kikapu tangu 2009, hakujua timu ile ilifutwa.

Mabinti wa makasia hawakukubali. Walikwenda mahakamani kwa kutumia sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, na mwaka 2021 jaji akaizuia hatua ile, chuo kikairudisha timu. Hakuna mfadhili aliyedai milioni 3 zake kwa ajili yao.

Nisiwaonee mashabiki peke yao. Sisi waandishi tuna mkono humo. Niliwahi kuandika habari ndefu ya vijana wetu wanaotafutwa na vyuo vya Marekani, wanasomaje, wakiumia inakuwaje, mkataba wa ufadhili unasemaje. Ilipotoka gazetini ilikuwa imebaki urefu wa wachezaji na majina ya vyuo. Mhariri aliniambia wasomaji hawataki habari za darasani. Huenda ni kweli. Tulipomsindikiza Hasheem NBA tulihesabu namba ya usajili na dola. Aliondoka chuoni baada ya mwaka wa tatu, na sikumbuki mtu hapa aliyeuliza shahada imefikia wapi. Kwa dau lile hata mimi ningeondoka, tusidanganyane. Ila kwa kila Hasheem mmoja wapo wengi ambao usajili hauwaiti, na wao kilichobaki ni cheti tu.

Na sasa mambo yamekuwa makubwa zaidi. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kuingiza pesa kwa majina na sura zao. Tangu Julai 2025, baada ya suluhu ya mahakamani, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mpaka dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Anayekata keki hiyo ni nani? Mkurugenzi wa michezo. Kiasi gani kwa futiboli, kiasi gani kwa kikapu cha wanaume, kiasi gani kwa mabinti wa Geno Auriemma ambao mwaka 2025 walileta ubingwa wao wa 12, na je mkimbiaji atabaki na makombo? Halafu kuna mchezaji wa kigeni, mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1, viza inayobana sana kufanya kazi. Wengi wao wamekuwa wakiziogopa dili hizi, au wakizifanya wakiwa nje ya Marekani, wasije wakaharibu viza. Hasheem wa leo angekaa benchi moja na mwenzake anayelipwa, yeye akiuliza mwanasheria kama anaruhusiwa kupokea viatu.

Kaka amesharudi Connecticut, sweta na yeye. Ameahidi kwamba siku chuo chake kikitafuta tena mkurugenzi atanitumia majina ya wanaotajwa nimchambulie. Asisumbuke na majina. Kama atapata kuhudhuria mkutano wowote wa wahitimu, aulize badala yangu: kijana kutoka Tanzania mwenye F-1, akipasuka goti mwaka wa pili, shahada yake itamaliziwa kwa pesa ya nani, na imeandikwa kwenye karatasi gani?